Breki nzima, mbona nakaribia kuigonga daladala?

SWALI: Asalaam alaykum. Kila asubuhi naendesha kutoka Bububu hadi Darajani. Fundi amezikagua breki zangu, ni nzima, lakini daladala ya mbele ikisimama ghafla nanusurika kwa shubiri. Tatizo liko wapi? – Msomaji, Bububu

JIBU: Waalaykum salaam. Breki hazina kosa. Nafasi ndiyo haitoshi. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, gari inakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Tangu jicho lione taa nyekundu hadi mguu ukanyage, hupita kama sekunde moja na nusu. Mita 21 zimeshakwenda, na breki hata hazijaanza kazi! Kusimama kwenyewe kunataka mita 14 nyingine lami ikiwa kavu, na 25 au zaidi ikiwa imerowa.

Pima kwa sekunde. Gari ya mbele ikipita nguzo au mwembe, hesabu taratibu: mia moja na moja, mia moja na mbili. Ukifika hapo hujamaliza, umesogea mno. Kwenye mvua fanya nne, hasa mvua za mwanzo baada ya kiangazi, maana vumbi na mafuta ya barabarani huchanganyika na maji na njia ikateleza vibaya. Tairi kipara hapo haina msaada wowote. Wenzako watasema ukiacha nafasi mtu ataichomekea. Ni kweli, atachomekea. Legeza mafuta, hesabu upya. Umechelewa sekunde mbili tu.

Nyuma ya daladala rudi nyuma zaidi, uone njia iliyo mbele yake. Ukiona mtu kainua mkono kando ya barabara, toa mguu kwenye mafuta wakati huo huo, usingoje taa.

SWALI: Nimegongwa kwa nyuma nikisubiri kuingia kulia. Nijikinge vipi? – Msomaji, Chake Chake

JIBU: Anza na taa. Usiku rudisha gari karibu na ukuta, kanyaga breki, tazama kwenye vioo. Ikikosa moja, mara nyingi ni balbu. Zikikosa zote, kagua fyuzi na swichi ndogo iliyo kwenye pedeli. Washa indiketa mapema, na uguse breki kidogo kabla ya kupunguza mwendo.

Unaposubiri, acha magurudumu yaelekee mbele. Ukishayakunja kulia, anayekugonga atakusukuma kwenye gari inayokuja. Na mto wa kichwa uuinue hadi ulingane na utosi, karibu na kisogo. Ukiwa chini, shingo ndiyo inayoumia.