Achana na UPENDO, andika ROLEKSI

Msomaji mmoja wa Masindi ameniandikia usiku: "Mwalimu, yale mashairi yako ya herufi unayaandikaje haraka vile? Mimi nimekaa na neno UPENDO jioni nzima, nimefika kwenye P tu." Nikaona nijibu hapa, maana si yeye peke yake. Tangu niliposoma shairi la jina NAKATO kwenye kwanjula moja, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, kule Mukono, simu yangu haipumui. Mabibi harusi, mashemeji, hata mchungaji mmoja: kila mtu anataka jina lake lisimame wima na mistari itoke ubavuni, kila herufi ianze mstari wake.

Ile NAKATO niliiandika ndani ya taksi, kati ya Banda na Seeta, mgongoni mwa bahasha ya mchango. Sisemi kwa kujisifu. Haya, kwa kujisifu kidogo.

Wengi hamjui nilikoanzia. Nimekulia Tororo kwenye nyumba za reli, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya uani: Mteso, Mjapadhola na Msamia tuligombania bomba moja kwa Kiswahili na tukasameheana kwa Kiswahili. Nilipohamia Kampala nikakuta watu wanakikunjia uso, eti ni lugha ya wanajeshi na wezi. Leo mambo yamegeuka. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha kifundishwe kwa lazima shuleni, na wazazi walewale wananitafuta niwasaidie watoto wao. Wakati ule lakini nilikuwa na mashairi yangu na mume wangu wa kuyasikiliza, naye alikuwa akisinzia.

Nikajipa moyo, nikapeleka moja kwenye jioni ya mashairi; pa wapi, sisemi. Bwana aliyeshika orodha akalitazama, akaona neno BODA limesimama pembeni, akanirudishia karatasi: "Nyabo, hii ni ya watoto wa nasari." Mbele za watu. Nilikaa mpaka mwisho, nikawapigia makofi wote, nikarudi nyumbani kwa bodaboda. Shairi lenyewe ni hili:

Bosi panda, twende mbio,
Ona taksi zimekwama,
Dereva asema "mbili",
Afikapo: "Leta tano!"

Niambieni ni mtoto gani wa nasari aliyewahi kubishania nauli.

Siku hizi ningemwambia yule bwana afungue Zaburi ya 119. Kwa Kiebrania imepangwa mafungu 22, fungu moja kwa kila herufi ya alfabeti yao, na katika kila fungu aya zote nane zinaanza kwa herufi hiyohiyo. Hesabu mwenyewe, ni aya 176. Katika tafsiri herufi hizo hazionekani, ndiyo maana mtu anaisoma miaka na miaka bila kujua. Washairi wa pwani nao, walioandika kwa hati za Kiarabu, walikuwa na tungo zinazofuata alifu, be, te. Nasari kubwa hiyo.

Sasa ndugu yangu wa Masindi. Tatizo lako si P. Tatizo ni UPENDO. Neno kubwa huja na mistari yake tayari, na yote umeshaisikia kwenye kadi za harusi. Chukua kitu kilichokuudhi leo, au kilichokuchekesha, kiwe kidogo mpaka uone aibu kukiandikia shairi. Hapo ndipo penyewe.

Mimi juzi nilisimama kwenye kibanda cha chapati nasubiri roleksi, ile chapati ya kuviringishia mayai, nayo ya mayai mawili. Kijana akapasua yai kwenye kikombe cha plastiki, akatupia kitunguu na kabichi, akakoroga kwa uma kwa kelele nyingi, akamwaga kwenye kikaango. Nikamwona vizuri: yai moja. Akalitandaza jembamba kiasi kwamba ungesoma gazeti ng'ambo yake, akalifunika kwa chapati haraka, akageuza, akaviringisha, akatia kwenye kavera, mfuko wa plastiki. "Mawili hayo, mama." Sikugombana. Nilitoa simu nikaandika palepale:

Rudi na yai la pili,
Ongeza nyanya kidogo,
La kwanza nalitafuta,
Eti "limo", silioni!
Kitunguu nakiona,
Sina ugomvi na hicho,
Ila yai, yai wapi?

Nikamsomea. Alicheka, akapasua la pili. Jioni ya mashairi haijawahi kunipa yai.

Mmeona nimeandika ROLEKSI. Ukiandika kwa X utabaki umekwama hapo mwisho mpaka kesho, kwa sababu hakuna neno letu linaloanza hivyo. Andika neno kwa tahajia yetu na mlango unafunguka. Na CH ni sauti moja, kwa hiyo CHAPATI ina mistari sita. Kuna mwenzangu kazini anayeshikilia kwamba ni saba, C peke yake na H peke yake. Nikamwomba aniletee neno la Kiswahili linaloanza kwa C isiyo na H. Bado nasubiri.

Herufi nyingine zisiwatishe, Kiswahili chenyewe kinawasaidia. Kitenzi chetu huanza na kiambishi, basi N umepata "ninaona", U "ukifika", A "akasema", T "tulikuwa", W "wamekuja". H ni kukanusha: "hataki", "hamjui". Ki, vi, li, zi na pa zinakupa K, V, L, Z na P. Ugumu uko kwenye E na O. Kwa E tumia "eti", neno zuri kuliko yote kwa mashairi ya malalamiko, au "ewe", au "endapo". Kwa O kuna "ona", "omba", "ongeza", "ole". Mizani nane, yaani silabi nane, kila mstari zinatosha. Vina mkipata sawa, msipopata msilie.

Na muandike kila siku, jamani. Mnasema hamna muda, na muda mnao wa kutazama video za watu wanaoanguka. Foleni ya Jinja Road peke yake ni shairi zima kabla ya kufika Nakawa. Msingoje msukumo, msingoje daftari zuri, wala msingoje bwana fulani awaweke kwenye orodha yake. Kitu kidogo, kilichotokea leo, basi. Nimeshasema na nitarudia.

Wiki hii jaribuni KAVERA, FOLENI au CHAJA. Wenye haraka waanze na CHAJA, ni mistari minne tu, na J itawapa "jirani", ambaye bila shaka ndiye aliyeiazima.