Mkonge, Kodi na Nani Anabebwa: Barua za Wasomaji Tanga

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mi nina genge hapa Ngamiani, na kila jioni tukikaa kwenye kahawa tunabishana na mjomba wangu mpaka wapita njia wanasimama. Yeye alikata mkonge enzi za Mwalimu, anasema nchi ilipoacha ujamaa ndo mashamba yakageuka mapori. Mi namwambia ujamaa wenyewe ndo uliua mkonge, tuwape wawekezaji kila wanachotaka watuajiri. Sasa juzi akanibana: mbona mwekezaji anasamehewa kodi miaka 10 na wewe wa genge husamehewi hata mwezi? Nikakosa la kusema. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na mjomba nisalimie sana. Nianze na mkonge kwa sababu hapo kila mmoja wenu ana kipande tu cha habari. Mkonge aliuleta Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893, miche iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa huko Pangani, na kutoka hiyo 62 mkoa mzima ukaja kuwa mkonge mpaka mwaka 1964 tukafikisha kama tani 230,000, hakuna nchi iliyotuzidi duniani. Sasa angalia tarehe vizuri. Bei ilianza kuporomoka kwenye hiyo 1964 na 1965, kamba za plastiki zimeingia sokoni na Wabrazili nao wanalima kwa nguvu, wakati Azimio la Arusha, lile lililotangaza ujamaa, lilikuja Februari 1967 na mashamba yakataifishwa baadaye mwaka huohuo. Yaani mgonjwa alishaanza kutetemeka kabla hajabadilishiwa mganga, kwa hiyo ukisema ujamaa peke yake ndo uliua mkonge unamwonea mjomba.

Ila na yeye asitoke hapo anacheka. Mkonge unasubiri miaka kadhaa kabla hujaanza kuukata, ukizembea kupanda leo hutaona kitu leo, utaona baadaye korona, ile mashine ya kusaga mkonge, imesimama haina majani ya kusaga. Mashirika ya umma yalizembea hapo, yakala hasara, hasara ikabebwa na serikali, na hela ya serikali ni ya huyohuyo mkulima wa machungwa kule Muheza ambaye hajawahi kumiliki hata shina moja la mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tunazungumzia kama tani 20,000. Kutoka 230,000! Mi nimezaliwa na mkata mkonge, hiyo tofauti kwangu sio namba, ni majina ya watu waliorudi kwao mikono mitupu.

Sasa hilo swali la mjomba ndo lenyewe, na nakuomba mhamishie ubishi wenu hapo. Kampuni ikiingia kwenye maeneo maalumu ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, yale yaliyowekewa sheria mwaka 2002, inaweza kupewa miaka 10 bila kodi ya mapato ambayo kwa kampuni ya kawaida ni asilimia 30. Piga hesabu, faida ya bilioni 1 ingeleta milioni 300, haziji. Hakuna aliyekwenda benki kumpelekea mwekezaji milioni 300 kwa hiyo hatuoni kama amepewa kitu, lakini kwa mfuko wa serikali kutokupokea na kutoa ni kulekule. Shirika la umma la zamani lilibebwa kwa ruzuku, hili la leo linabebwa kwa msamaha, na mbebaji hajabadilika, ni wewe na mjomba wako.

Halafu kuna VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani inayowekwa juu ya bei ya bidhaa. Kampuni iliyosajiliwa ikinunua mali inalipa asilimia 18 halafu inairudisha kwenye hesabu zake, wewe wa genge hujasajiliwa kwa hiyo ukinunua sabuni au saruji ya kujengea kibanda hiyo 18 imekaa kwako moja kwa moja. Ndo maana mtu akiniambia wadogo hawalipi kodi nakasirika kweli, wanalipa kila siku ila risiti haina jina lao.

Sisemi kila msamaha ni wizi. Kiwanda kinachoajiri watu 500 wenye mikataba na kununua malighafi kwa wakulima wa hapa, kinaweza kustahili kuvumiliwa miaka ya mwanzo. Ila uvumilivu uwe na tarehe ya mwisho, masharti yaandikwe, thamani ya msamaha isomwe kwenye bajeti kama inavyosomwa hela ya dawa na madawati, na ajira zisipotokea kodi idaiwe. Wenzetu wa Bagamoyo wanajua ninachosema. Makubaliano ya bandari yao yalisainiwa mwaka 2013, mradi wa dola bilioni 10, halafu 2019 Rais Magufuli akasimama hadharani akasema masharti hayakubaliki, wawekezaji wanataka ardhi kwa miaka 99 na bandari nyingine zisijengwe kuanzia Tanga mpaka Mtwara. Hebu fikiria, bandari yetu ifungwe mikono kwa mkataba ambao mimi na wewe tusingeusoma! Unaweza usimpende Magufuli kwa mengi, lakini wananchi walistahili kujua hayo masharti tangu siku ya kusaini, sio miaka sita baadaye.

Kwa hiyo mwambie mjomba amekushinda kwenye kodi, na wewe umemshinda nusu kwenye mkonge.

SWALI: Bi Mkubwa, kijana wangu anasema Marekani ndo ubepari halisi, kila mtu anajitegemea, kampuni ikifilisika imefilisika. Ni kweli? Mzazi, Pongwe.

JIBU: Sio kweli. Oktoba 2008 benki zao zilipoyumba, bunge lao liliidhinisha dola bilioni 700 kuziokoa, na kampuni ya bima ya AIG serikali ilichukua karibu asilimia 80 ya hisa zake. Mwalimu alipochukua mabenki 1967 ilisemwa ni ukomunisti, hii ya 2008 serikali yao ikaiita kuokoa uchumi. Na wapo Wamarekani wengi tu waliolalamika kwamba benki zimeokolewa na wao wamenyang'anywa nyumba. Halafu mwaka 2017 kodi ya kampuni ikashushwa kutoka asilimia 35 mpaka 21. Kijana asome, asibishe kwa kusikia.

SWALI: Nauza chapati na supu karibu na Mkwakwani. Nalipa kodi ya mapato au silipi? Mama lishe.

JIBU: Mwanangu, mauzo yako ya mwaka mzima yakiwa hayazidi milioni 4 kodi ya mapato hudaiwi. Yakizidi 4 mpaka 7, hapo daftari ndo linakuokoa. Mfano umeuza milioni 5, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya ile milioni 1 iliyozidi, yaani 30,000, asiye na kumbukumbu anatozwa 100,000. Nunua daftari leo, andika kila jioni kabla hujaosha masufuria, hata kama mwandiko ni mbaya, na risiti za unga na mafuta uzitie kwenye mfuko mmoja. Wale wanaokuja kwangu kuomba ushauri kila mwaka wanakuja wamechelewa na kumbukumbu hawana, tunabaki kuangaliana tu.