Besi yenye umbo la fidla: ni ya kale kweli?

SWALI: Mhariri, mimi hupiga besi katika bendi ya benga hapa Nairobi. Mtu anayehama ananiuzia gitaa la besi lenye umbo la fidla, akidai kwamba ni la miaka ya sitini, sawa na lile la Paul McCartney wa Beatles, na ndiyo sababu anataka bei kubwa. Nitalitambuaje, na je, litanifaa? – Msomaji, Umoja

JIBU: Umbo pekee halithibitishi chochote, kwa kuwa limeigwa mno. Gitaa la McCartney ni Höfner 500/1, lililoanza kutengenezwa Ujerumani katikati ya miaka ya hamsini. Alinunua la kwanza mjini Hamburg mwaka 1961, na pamoja na unafuu wa bei, alivutiwa na pande zake mbili zinazolingana, kwani halikuonekana kama limepinduliwa mikononi mwa mtu wa mkono wa kushoto kama yeye. Beatles walipovuma, viwanda vya Italia na Japani vilitoa magitaa ya sura hiyo hiyo, na siku hizi hata Höfner huuza matoleo nafuu yaliyotengenezwa China.

Ligeuze kwanza. Shingo ya 500/1 ya wakati huo imeshikizwa kwa gundi. Ukikuta skrubu nne nyuma, mahali shingo inapokutana na mwili, usiendelee kujadili bei hiyo. Matundu ya herufi f kifuani nayo hayakuwapo. Mwili ni mtupu ndani, hivyo gitaa lote ni jepesi kuliko utakavyotarajia. Hata likifaulu hayo yote, bado laweza kuwa jipya, au likawa la zamani lililobadilishwa pikapu (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), jambo linaloshusha thamani yake hata kama linalia vizuri. (Wakusanyaji wana hesabu zao, mwanamuziki hahitaji kuziiga.)

Kuhusu kufaa, urefu wa nyuzi zake kati ya daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini) na kichwa cha shingo ni kama sentimita 76, ilhali besi za kampuni ya Fender, Precision iliyotoka mwaka 1951 na Jazz Bass iliyotoka mwaka 1960, zina sentimita 86 hivi. Vidole vitakimbia kwa urahisi, na benga yapenda besi inayokimbia, lakini uzi mnene utalegea kidogo na noti zake za chini hazitakaza. Mwili mtupu ukiwekwa mbele ya spika zilizofunguliwa sana huanza kuvuma wenyewe, na ndiyo maana wanamuziki wa roki waliopiga kwa kishindo, kama Noel Redding, mpiga besi wa Jimi Hendrix, na Jack Bruce wa kundi la Cream, walishika magitaa ya mbao nzima: Redding Jazz Bass, Bruce Gibson EB-3. McCartney mwenyewe alianza kutumia besi ya Rickenbacker, nayo ya mbao nzima, studioni mwaka 1965.

Ikiwa ni ile sauti nzito na fupi ya rekodi za mwanzoni mwa miaka ya sitini unayoitafuta, sehemu yake kubwa ilitokana na nyuzi zenye uso laini usiokwaruza, na nyuzi hizo hufungwa kwenye besi yoyote, hata hiyo uliyo nayo sasa. Kwa hiyo lipe gitaa hilo bei ya chombo cha kawaida kilichotumika, na kabla ya kulipa chochote, liunganishe na amplifaya ya bendi yako na ulipige kwa sauti ya jukwaani.