Mjomba aliporudi kutoka Kagera hakunibeba tena

*Shikamoo dada. Nimetimiza miaka 55, naishi Mtwara mjini, kwetu ni Newala. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alinipenda kuliko watoto wote pale nyumbani. Nilimfuata kila aendako mpaka akaniita Mkia. Mwaka 1978 alichukuliwa kwenda vita vya Kagera akiwa mgambo. Aliporudi nilikuwa na miaka minane. Nikamnyemelea kwa nyuma nikamziba macho, mchezo wetu wa siku zote. Alinirusha chini, mkono ukavunjika. Tangu siku ile hakunibeba wala hakunigusa. Akawa analala barazani, masika na kiangazi. Harusi yangu aliitazama akiwa mbali, chini ya mwembe, na fataki zilipolia akaondoka. Sasa ni mzee, anaumwa, na anaulizia wapwa zake. Kaka zangu wanasema tumwache na mambo yake. Mimi nataka kwenda baada ya mnada wa korosho, nimuulize nilimkosea nini na huko vitani aliona nini. Kila mwaka bado hunitumia kimfuko cha korosho. Nifanyeje?* – Mpwa

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye zile korosho ulizozitaja mwishoni kama jambo la kupita. Ndiyo maana nilikutumia ujumbe kukuuliza: zinakuja na maganda au zimebanguliwa? Ukanijibu zimebanguliwa, tena nzimanzima, na ukaongeza kwamba hata ulipokuwa mtoto hakukubali uguse ganda, alikubangulia mwenyewe akakuwekea kiganjani.

Wewe ni mtu wa Newala, sina haja ya kukueleza kazi ile. Zinachomwa, zinagongwa moja moja, na mafuta ya ganda yanakula ngozi mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Mzee wa umri wake hakai chini agonge korosho kimfuko kizima bila kuzipasua, mwaka hadi mwaka, kwa ajili ya mtu aliyemkosea.

Simjui mjomba wako, naweza nikakosea. Lakini kwa ninavyoisoma barua yako, siku ile hukumkosea lolote. Siku ile aliiogopa mikono yake mwenyewe. Mtoto anayempenda alikuja kwa nyuma, na mikono ikafanya kazi iliyofundishwa kabla kichwa hakijajua ni nani. Akasikia mfupa wako. Baada ya hapo akachukua uamuzi ambao hakumwambia mtu: huyu sitamgusa tena. Wewe ukaelewa kwamba hakutaki. Ungeelewaje vingine, na una miaka minane?

Na watu wazima nao hawakujua. Mwalimu Nyerere alitutangazia vita tarehe 2 Novemba 1978, Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979, na vijana wetu wakaendelea mbele kuelekea kaskazini ya Uganda. Mimi nilikuwa sekondari, nakumbuka tulivyoimba. Kisha tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18, na mawazo yote yakahamia kwenye foleni ya sabuni na sukari. Aliyerudi na mguu mmoja tulimwona. Aliyerudi hapati usingizi, nani alimuuliza? Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu wa kiwewe cha vita kwenye kitabu chao kwa jina unalojulikana nalo leo mwaka 1980, wakati mjomba wako alikuwa ameshaanza kulala barazani. Pale kijijini bila shaka walisema ana pepo. Siwalaumu, neno jingine hawakuwa nalo.

Halafu hilo la baraza. Umeliandika kama dalili ya kuchanganyikiwa. Ikumbuke nyumba yenu: baraza iko mbele ya mlango, na ndani mmelala ninyi watoto. Yeyote aliyetaka kuingia usiku ilibidi amruke yeye kwanza. Hata harusini, naona alisimama mahali ambapo angeweza kukuona, na pia angeweza kuondoka bila kukuharibia siku.

Kaka zako wamenishangaza, na nitasema hivyo hata kama wanasoma. Sisi Wamakonde kwa asili tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na Wamwera, Wamakua na Wayao vivyo hivyo. Mjomba siyo ndugu wa kutembelewa nauli ikipatikana. Mzee anayeulizia wapwa zake anaulizia watoto wake.

Kwa hiyo mnada usiusubiri. Bei ikipanda ikishuka, korosho ziko ghalani, hazina roho. Nenda wiki hii.

Lile swali la vitani aliona nini, liache mjini. Vijana huwa wanalipenda, na lingine baya zaidi, uliua wangapi. Akitaka kusema atasema, labda usiku, labda katikati ya habari ya mvua. Akianza, usimkatize kwa kumwambia hayo yamepita. Na asipoanza, basi, hukusafiri kwenda kumhoji.

La kumkosea nalo usimuulize, maana utamfanya aanze kujitetea. Mwoneshe mkono. Mkunjulie, ukunje, mtekee maji ubebe ndoo mbele yake. Wewe ulipona ukasahau upande gani ulivunjika, lakini huenda yeye hajawahi kuuona ukiwa mzima kwa karibu. Ndipo umwambie kwamba hukuwahi kumchukia. Kama ni kweli, lakini. Kama una kinyongo, na unaweza kuwa nacho, mwambie hicho kwa sauti ya chini. Atakipokea vizuri kuliko huruma.

Umesema anaumwa bila kusema nini. Muulize anayemhudumia kama bado anashtuka usiku, anatoka jasho, anapiga kelele. Ikiwa ndivyo, mtakapompeleka hospitali kwa presha au miguu, mwelezeni daktari na hilo, na muulizie huduma ya afya ya akili pale Ligula, hospitali ya mkoa hapo Mtwara. Watu huona haya kulitaja kwa mzee, wakidhani ni umri. Usingizi mzuri wa miezi michache ni kitu kikubwa kwa mtu aliyekesha tangu ujana.

Akiwa amelala usimguse kumwamsha. Mwite jina ukiwa mlangoni. Na siku ya kufika usimjie kwa nyuma, wala usiingie kimyakimya kwa kutaka kumshtukiza kwa furaha. Shuka barabarani, uje kwa mbele, ukifika kwenye ule mwembe simama, piga hodi kwa sauti, useme Mkia amekuja.