Simu ya Jumapili jioni: barua kwa mwanangu

Huddersfield, Uingereza, Jumanne usiku

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa na mama yako, naye alicheka ulipofika pale pa "baba, wamenitwika." Basi sasa wewe ndiye mwenyekiti wa chama cha marefa wa raga ya watu 13 huko kwenu magharibi mwa Sydney, na kamati imejaa wanaume walioanza kupuliza kipenga kabla hujazaliwa. Wakubwa wa mchezo wanataka kazi ya kupanga marefa itoke mikononi mwa chama, iingie kwenye programu yao ya simu. Wazee wanasema mgome. Vijana wanasema programu ni nzuri, wazee wakae kando. Nawe umeniuliza mambo mawili: mwaka 2012 nilifanyaje, na mbona niliuacha uenyekiti wa chama chetu cha marefa hapa baada ya miaka miwili tu, wakati mambo yalikuwa yamenyooka.

Hilo la pili hujawahi kuniuliza. Mama yako ana jibu lake, kwamba nilisusa. Sikususa. Ila siwezi kulijibu kabla ya la kwanza, kwa hiyo vumilia, na kama uko kazini soma ukifika nyumbani.

Unakumbuka kwamba sisi tulikuwa watu wa majira ya baridi. Matope, mvua ya kukupiga ubavuni, na mama yako kunizuia mlangoni mpaka nivue viatu. Mwaka 2012 ligi kubwa ya ridhaa, National Conference League, ikahamia majira ya joto. Super League ya wanaolipwa ilikuwa imehama tangu 1996, kwa hiyo kuhama kwenyewe hakukumshangaza mtu. Tatizo ni kwamba hawakuhama wote. Ligi nyingine zilibaki kwenye baridi yao. Vilabu vilibishana kuhusu nyasi, kuhusu kriketi, kuhusu nani atakuja kutazama Julai. Refa hakuna aliyemkumbuka. Timu ikimaliza msimu wake inapumzika. Refa ni yule yule, na sasa alitakiwa Januari na hawa na Julai na wale. Wenzetu kadhaa kiangazi walikuwa waamuzi wa kriketi. Wengine walikuwa wamewaahidi wake zao mwezi wa Agosti tangu siku ya ndoa.

Upangaji wetu ulikuwa mikononi mwa mzee mmoja wa Golcar, kijiji cha jirani, seremala mstaafu. Alikuwa na daftari la jalada gumu, na kila Jumatano usiku, baada ya kula, alikaa chini na simu ya mezani na kutupigia mmoja mmoja. "Jumamosi, saa nane na nusu, Batley. Utaweza?" Ukisema utaweza, anaandika. Ukisema hutaweza, anauliza kwa nini, na hapo mnaweza kwenda nusu saa.

Mimi nilikuwa dereva wa basi. Kule gereji zamu zetu zilikuwa zimeshaingia kwenye kompyuta, na nilikuwa nimeona jinsi ugomvi wa asubuhi ulivyoisha: hakuna tena kumlaumu msimamizi kwamba kampa shemeji yake njia nyepesi, kila mtu anaona zamu ya mwenzake. Nikawaza, kama madereva mia wanapangika hivi, marefa 38 watatushinda nini?

Na daftari lilikuwa na dhuluma yake, usikubali wazee wako wakufiche hilo. Mechi tamu ziliwaendea rafiki zake. Mwenye ulimi mkali alipelekwa kwenye kilima kisichofikiwa na basi siku ya Jumapili. Tulikuwa na mama mmoja, refa hodari kuliko mimi, na miaka mitatu mizima alipewa kibendera tu cha pembeni, kuchezesha katikati hapewi. Usiku ule wa Julai 2019 uliponipigia ukipiga kelele kwamba Belinda Sharpe amechezesha mechi ya NRL, ligi kuu ya huko kwenu, mwanamke wa kwanza, wewe ulidhani nimenyamaza kwa usingizi. Nilikuwa namkumbuka yule mama. Wakati huo alikuwa ameshaacha zamani.

Kwa hiyo niliposimama kuomba uenyekiti nilisema wazi: daftari linaondoka. Nikapita kwa tofauti ya kura tano. Mzee alinikabidhi daftari mbele ya mkutano, hakusema neno, akaenda kuchukua koti lake. Nikadhani nimeshinda.

Tukafungua tovuti. Mechi inatumwa kwa barua pepe, chini yake vitufe viwili, kubali na kataa. Anayekataa halazimiki kusema kwa nini. Jambo hilo nilijivunia sana, niliona ni heshima. Yule mama alipata katikati wiki ya pili. Mpaka mwezi wa tano hatukuwa na mechi hata moja iliyokosa refa, wala iliyopata marefa wawili wakatazamana uwanjani kama wachumba waliofungiwa chumba kimoja. Ligi zikatusifu. Nami, nikiwa mgeni kutoka Mombasa niliyejifunza mchezo huu ukubwani kwa sababu siku moja refa hakutokea kwenye mechi ya kaka yako, sifa zile nilizila kwa mikono miwili.

Ilipofika Agosti nikaona vitufe vya kukataa vimeongezeka. Sikushtuka. Ni likizo, nikasema. Septemba vijana watano niliowaingiza mwenyewe, tena niliowafundisha wapi pa kusimama mtu anaponyanyuka baada ya kukabwa kuuchezesha mpira kwa mguu, walikuwa hawajibu kabisa. Kompyuta iliwaandika "hapatikani." Neno safi kabisa, halimlaumu mtu.

Mmoja wao nilimpakia mwenyewe. Nilikuwa naendesha basi la Marsden, mchana wa shule, akapanda na begi lake mgongoni. Miaka 16. Dereva hatakiwi kupiga soga gari likitembea, lakini pale Slaithwaite tulisimama kungoja muda, nikamwita, mbona hatukuoni? Akaniambia kwamba mwezi wa sita alichezesha watoto wa chini ya miaka 11. Baba wa mchezaji mmoja alimfuata mpaka kwenye maegesho, akamwekea uso karibu, akamtukana mpaka na mamaye. Nikamuuliza, sasa mbona hukusema?

Akajibu, "Hakuna aliyeniuliza."

Nilipeleka basi mpaka Marsden na sikumbuki kituo hata kimoja nilichosimama, ingawa lazima nilisimama.

Jioni ile nilikwenda Golcar. Mke wa mzee akanifungulia, chai ikaja, mzee akaendelea kutazama televisheni. Nikamweleza. Nikamwambia sitaki urudi kupanga, nataka uwapigie watu. Akasema anawapigia. Nikadhani hakunielewa. Akasema tena: kila Jumatano, kama zamani, tangu niliponyang'anywa daftari, namba ninazo kichwani, nawauliza Jumamosi ilikwendaje, basi. Ndipo nilipoelewa kwa nini wakongwe wote walikuwa bado wapo, wenye magoti mabovu na wenye wajukuu. Waliokatika ni wale niliowaingiza mimi baada ya daftari kuondoka. Namba zao hakuwa nazo.

Nusu saa ile ya simu mimi niliihesabu kuwa upotevu. Kumbe upangaji ulikuwa kisingizio chake. Mtu hapigi simu kusema "nilitukanwa, naogopa kurudi." Lakini ukimwomba aende Batley atasema Batley hapana, na ukiuliza kwa nini, utaambiwa yote.

Nilimpa namba 14 kwenye karatasi. Akatafuta miwani. Kati ya wale watano walirudi wawili; yule wa basi hakurudi, ingawa mpaka leo tukikutana mjini ananipungia mkono. Kuhusu baba yule aliyemtukana, tuliwaandikia ligi barua, wakamzuia uwanjani mpaka mwisho wa msimu. Ilikuwa imepita miezi mitatu; adhabu inayochelewa hivyo mtoto haioni.

Sasa la kwako. Programu waachie. Najua wazee watasema umewasaliti, lakini waulize ni nini hasa wanachokipigania, uwasikilize vizuri, maana watasema "kupanga" huku wakimaanisha kitu kingine. Kuweka majina kwenye viwanja mashine inafanya vizuri zaidi yetu na haina shemeji. Pigania orodha ikufikie siku moja kabla haijatangazwa, ili useme huyu kijana msimrudishe kwenye klabu ile wiki hii. Pigania pia fedha za chama zibaki kwenye akaunti ya chama, na mkutano wa kila mwezi usigeuzwe kuwa wa kwenye skrini. Mengine sina uhakika kama yanastahili ugomvi.

Kuhusu kugoma. Kwetu pia lilizungumzwa, na mtu mmoja akatukumbusha George Hotel, hapa mbele ya stesheni, jengo ninalopita kila siku: kwamba tarehe 29 Agosti 1895 vilabu vya kaskazini vilikutana pale vikajitoa kwenye chama cha raga kwa sababu wachimba makaa na watu wa viwandani walinyimwa fidia ya ujira wanaoupoteza kwa kucheza. Walipojitenga, fidia ikawa shilingi sita kwa siku. Mtu yule alisimama kwenye kiti. Ilikuwa hotuba nzuri. Lakini wale walikuwa na kitu cha kuondoka nacho, timu na watazamaji. Hata marefa wenu wa NRL, Mei 2020 walipoambiwa mfumo wa marefa wawili uliokuwepo tangu 2009 unaondolewa na anarudi mmoja, walikuwa na mikataba, walikuwa na chama cha wafanyakazi, wakapeleka shauri Fair Work Commission, baraza la migogoro ya kazi huko kwenu, wakapatana kabla ligi, iliyokuwa imesimama kwa Korona, haijarudi tarehe 28. Na bado refa alirudi mmoja. Refa wa wilaya akigoma anakaa tu nyumbani, na anayekosa mechi ni mtoto wa miaka minane aliyeamka alfajiri na kuvaa jezi.

Wale wanaolalamika kwamba mchezo umeharibiwa, na kengele hiyo inayoipa timu yenye mpira haki ya kukabwa mara sita upya badala ya penalti, wape chai. Mchezo huu ulipunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 mwaka 1906. 1966 ukaweka kikomo cha timu yenye mpira kukabwa mara nne, halafu miaka michache baadaye ikawa sita. Kila mara palikuwa na mzee aliyesema umekufa. Sikiliza kama analalamikia kengele, au analalamikia kwamba alijifunza kwa barua pepe kama mtu wa nje.

Haya, la pili. Mzee wa Golcar alifariki mapema mwaka 2014. Mazishini nilihesabu marefa 31, na wawili walitoka uwanjani moja kwa moja, soksi zikiwa na tope. Mkewe akanipa ile karatasi ya namba. Mwenyewe alikuwa ameongeza nyingine pembeni, kwa penseli ya seremala.

Nikaanza kupiga mimi. Wiki tatu nikapiga, na wiki tatu nikaambiwa kila kitu kiko sawa. "Sawa, mwenyekiti. Hakuna tatizo, mwenyekiti." Mwenyekiti ndiye anayekaa na watathmini, ndiye anayesema nani apande daraja. Nani atamwambia kwamba Jumamosi mikono ilimtetemeka? Mzee waliweza kumwambia kwa sababu mimi nilikuwa nimeshamnyang'anya kila kitu. Hakuwa na cha kuwapa wala cha kuwanyima.

Kwa hiyo mwezi wa nne nikaachia kiti. Alichukua katibu, na alikifanya vizuri kuliko mimi. Kwenye mkutano nilisema ni mambo ya kifamilia, ndiyo maana mama yako akadhani kuna mtu aliyeniudhi, na nikamwachia adhani hivyo kwa sababu ukweli ungefika chamani, na ungefika tu, mama yako namjua. Watu wangejua simu ni kazi, na wasingesema tena.

Unaikumbuka ile simu ya sebuleni, iliyokuwa ikilia Jumapili saa moja usiku tukiwa mezani, nawe ulikuja kututembelea mara mbili kwa mwaka ukaniambia, baba hawa watu hawana familia? Niliihamisha kutoka Jumatano kwa sababu ukingoja siku nne kijana ameshajifunza kunyamaza. Wakati mwingine walipiga wao kabla sijawapigia.

Tafuta mmoja katika hao wazee wako. Si yule anayezungumza sana. Mpe namba za vijana, na usimuulize ameambiwa nini ila akuletee mwenyewe. Na wewe mwenyewe ukitaka kunipigia, Jumamosi nipo, Jumatatu nipo. Jumapili jioni yetu, kwenu ni Jumatatu asubuhi, utakuta laini ina mtu.

Mama yako anakusalimu. Anauliza kama ulipata vile viungo.

Baba yako