Maswali Yenu: Madirisha Yanatiririka Maji

SWALI: Tunaishi kwenye apatimenti hapa Minneapolis. Tangu baridi ianze, madirisha yanatiririka maji kila asubuhi, na kona ya chumba cha watoto imeota ukungu mweusi. Niongeze hita? – Mama wa watoto watatu

JIBU: Pole sana, dada. Hita peke yake haitoshi, kwa sababu maji hayo yanatoka humo humo ndani: maharage yanayotokota saa nzima bila mfuniko, maji ya kuoga, nguo zilizoanikwa sebuleni. Mvuke ukigusa kioo baridi hugeuka maji.

Nunua kipima unyevu. Nje ikiwa nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, unyevu wa ndani usizidi asilimia 25. Funika sufuria. Feni ya bafuni iwake wakati wa kuoga na dakika 20 baadaye. Iwekee kipande cha tishu, kisiponata, haivuti. Ya jikoni usiiamini kabla ya kuikagua, maana nyingi hurudisha mvuke chumbani. Vuta kitanda sentimita 10 kutoka ukuta wa nje, na mchana fungua mapazia ili joto lifike kwenye kioo.

Ukungu usiusugue mkavu, utarusha vumbi lake watoto walivute. Futa kwa maji ya sabuni, kisha kausha. Ukungu ukirudi, mwandikie mwenye nyumba na uambatanishe picha. Kama hita anaiendesha yeye, sheria ya Minnesota inamtaka atoe angalau nyuzi 68 za Farenhaiti, Oktoba 1 hadi Aprili 30.

Na tafadhali, msiote moto wa oveni: ya gesi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.