Apdeti ya Windows imegoma? Usikimbilie kupiga windo

Nina kijisteshenari changu Morogoro, printa mbili na laptopu moja ya mtumba ambayo ndo inanilisha, Windows 10, RAM giga 8, SSD giga 256. Januari 2024 ikaanza visa. Kila nikifungua Windows Update nakuta apdeti moja inaitwa KB5034441 imefeli, pembeni imeandikwa 0x80070643 na kuna kibatani cha Retry. Nabonyeza Retry, inazungukaaa, inafika mwisho, inafeli. Nabonyeza tena. Wiki nzima hivyo, mteja kasimama anasubiri CV yake mi nimekodolea macho asilimia.

Nikafanya yale ambayo kila mtu anakwambia ufanye. Nikaendesha ile trabushuta ya ndani ya Windows, ikasema imerekebisha tatizo, haijarekebisha kitu. Nikasimamisha sevisi za apdeti (wuauserv na bits), nikabadilisha jina folda la SoftwareDistribution (apdeti zinaposhukia) liwe SoftwareDistribution.old, nikawasha sevisi tena. Hapo ndo nilijipiga risasi ya mguu maana zile apdeti zingine zilizokuwa zimeshashuka zinasubiri tu ristati zikaanza kushuka upya, na mi natumia hotspoti ya simu, bando la wiki likaisha saa sita mchana. Nikapiga sfc /scannow, nikapiga DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, zote zikasema mambo safi. Sisemi hizi mbinu ni mbaya, zinasaidia sana kama mafaili ya mfumo yameharibika au apdeti imeshuka nusu nusu. Ila ugonjwa wangu haukuwa huo, nilikuwa nakunywa dawa ya malaria na jino ndo linauma.

Nikampelekea fundi mmoja. Hakuuliza hata namba ya eroo. "Acha hapa, tunapiga windo upya, elfu kumi na tano." Mnaofanya kazi kama yangu mnajua maana yake, Windows inafutwa na kuwekwa upya na vitu vyako vinaweza kwenda nayo. Dreva za printa ambazo sidii yake ilishapotea, fonti za kadi za harusi, templeti za vyeti na risiti za miaka minne. Nikasema bro ngoja kwanza nikafikirie, nikabeba mashine yangu.

Usiku ndo nikafanya kitu nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza, nikachukua ile namba ya KB pamoja na namba ya eroo nikazitafuta pamoja. Pamoja, maana 0x80070643 peke yake ni kama kuambiwa "usakinishaji umeshindikana", inatokea kwa sababu mia. Lakini ukiiweka na KB5034441 jibu linakuja moja, na wenyewe Microsoft waliliandika kwenye ukurasa wa hiyo apdeti: kosa halisi ni nafasi haitoshi, ila linalotokea kwenye skrini ni hilo la jumla.

Nafasi haitoshi wapi sasa wakati C yangu ina giga 90 tupu? Hapo ndo penye utamu. Ile skrini ya bluu inayokuja Windows ikigoma kuwaka, yenye Startup Repair na wenzake, inaitwa WinRE na ina kachumba kake kwenye diski, patisheni iliyofichwa isiyo na herufi, huioni kwenye This PC. Apdeti hii ilikuwa inaenda kuziba tundu la usalama mle ndani na inataka megabaiti 250 ziwe wazi humohumo. Yaani sebule iko tupu unaweza kucheza mpira, lakini mzigo unatakiwa uingie stoo na stoo imejaa. Ndo maana kufuta muvi na picha kwenye C hakusaidii hata chembe. Na hata ningekubali kupigiwa windo, patisheni inayotengenezwa inaweza ikawa ndogo vilevile, elfu kumi na tano imeenda na eroo inarudi.

Halafu kumbe tundu lenyewe linahusu BitLocker, kwamba mtu akiishika mashine yako mkononi anaweza kupitia WinRE akakwepa ule ulinzi wa diski. Kama hutumii BitLocker huna haja ya kukosa usingizi, na kama mashine haina WinRE kabisa unaruhusiwa kuipuuza hiyo eroo. Kwa mtu anayeogopa kugusa patisheni mi ningemwambia achana nayo. Mimi nilishindwa kuiacha, ilikuwa inanichefua kila asubuhi.

Kabla ya yote nilikopi kila kitu cha kazi kwenye diski ya nje. Betri ya laptopu yangu inakaa dakika kumi hivyo nikaazima UPS, umeme ukikatika katikati ya kukata diski utalia. BitLocker kama imewashwa isimamishe kwanza.

Nikafungua Command Prompt kwa kubonyeza Run as administrator, nikaandika reagentc /info. Inakwambia WinRE iko wapi, kwangu ilikuwa harddisk0 partition4, nikaandika nyuma ya risiti kwa peni. Usitegemee kichwa. Kisha reagentc /disable, hii inalirudisha faili la winre.wim kwenye C:\Windows\System32\Recovery. Hapa tulia, nenda kalitazame lipo kweli (limefichwa, onyesha mafaili yaliyofichwa), maana ukifuta patisheni na faili halipo umejikosesha huduma ya kwanza.

Halafu diskpart, programu ya kugawa diski. list disk, angalia kama kuna kinyota kwenye safu ya Gpt: kikiwepo diski yako imepangwa kwa GPT, kisipokuwepo ni MBR. sel disk 0, list part. Yangu ilitoka hivi: patisheni 3 ndo C, patisheni 4 Recovery MB 509, imekaa nyuma ya C. sel part 3, kisha shrink desired=500 minimum=500. Maelekezo yanasema 250, mi nilikata 500 makusudi sitaki kurudi huku tena. Kisha sel part 4, na kabla ya kufuta nikaandika list part tena nione kinyota kiko kwenye namba 4, nikatazama risiti, nikatazama skrini, mikono inatoa jasho, ndo nikaandika delete partition override. Ukikosea namba hapa unaweza kufuta patisheni nyingine yenye vitu vyako na hakuna atakayekuuliza una uhakika.

Diski ikiwa GPT: create partition primary id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac, halafu gpt attributes=0x8000000000000001. Ikiwa MBR ni create partition primary id=27 basi. Kisha format quick fs=ntfs label="Windows RE tools", exit, reagentc /enable. Nikarudi kwenye apdeti, Retry, dakika chache kijani. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akaamka.

Namba zingine nilizokutana nazo tangu hapo: 0x80070070 hiyo kweli C imejaa, hapo futa muvi. Na 0x80072F8F ilikuwa kwenye desktopu ya jirani yangu wa duka la dawa, kahangaika mwezi mzima na intaneti ni nzima, mi nikaangalia tu kona ya chini kulia naona mwaka 2012. Betri ya kwenye mazabodi ilikufa, kila akizima saa inarudi nyuma na sevisi za apdeti zikiona tarehe haieleweki zinakataa kuongea naye. CR2032 mpya, tukaweka saa, ikaanza kushuka.

Mtasema Windows 10 imeshaisha, ni kweli msaada wa kawaida ulikoma 14 Oktoba 2025, ila waliojiandikisha kwenye ule mpango wa nyongeza wanapata apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026, na mi nimo, maana laptopu yangu ina prosesa ya kizazi cha saba, Windows 11 haiitaki.

Ile risiti nimeibandika nyuma ya printa kubwa. Juzi yule fundi kaja kuprinti fomu, kaiona, kauliza ni nini, nikamweleza. Kaipiga picha na simu, kalipa mia mbili ya fomu, kaondoka.